Waelimisha rika katika shule za Shinyanga na Geita

Waelimisha rika shuleni ni wanafunzi wanaojitolea, baada ya kupata mafunzo, kuwasikiliza wanafunzi wenzao wenye shida, kuwapa taarifa sahihi na kuwafikisha kwa mtu mzima anayeweza kuwasaidia. Rika ni watu wa umri mmoja au wanaokaribiana kwa umri na hali ya maisha. Kazi hiyo huitwa elimu rika au msaada wa rika. Mwelimisha rika hachukui nafasi ya mwalimu wa unasihi, mganga wala afisa ustawi wa jamii. Wajibu wake ni kusikiliza na kuelekeza.

Makala hii inahusu uteuzi, mafunzo na malezi ya wanafunzi hao katika mikoa ya Shinyanga na Geita, kaskazini-magharibi mwa Tanzania. Eneo hilo lina uchimbaji mkubwa na mdogo wa dhahabu, na ndiko ulikofanyika mmojawapo wa utafiti mkubwa barani Afrika kuhusu elimu ya afya kwa vijana iliyowashirikisha wanafunzi wenyewe.

Mazingira

Mkoa wa Geita ulianzishwa mwaka 2012 kwa kumega mikoa ya Mwanza, Shinyanga na Kagera. Kwa mfano, maeneo ya Bukombe na Mbogwe yalikuwa sehemu ya Shinyanga. Kwa sensa ya mwaka 2022, Geita ina wakazi karibu milioni 3 na Shinyanga zaidi ya milioni 2.2. Wakazi wengi ni Wasukuma, pamoja na Wasumbwa, Wazinza na wahamiaji kutoka karibu kila pembe ya nchi. Wanalima mahindi, mpunga na pamba, na wanafuga ng'ombe.

Madini yamebadilisha maisha ya eneo hilo. Almasi ya Mwadui iligunduliwa na John Williamson mwaka 1940. Mgodi mkubwa wa dhahabu wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000, na ule wa Bulyanhulu wilayani Kahama mwaka 2001. Pembeni mwa migodi hiyo kuna maelfu ya wachimbaji wadogo, katika sehemu kama Nyarugusu, Rwamagasa na Mgusu, wanaochimba maduara kwa mikono, kusaga mawe kwenye makarasha na kukamatisha dhahabu kwa zebaki.

Hali hiyo inawagusa wanafunzi kwa njia kadhaa:

- Kazi za machimbo. Watoto huponda mawe, hubeba mchanga na huosha dhahabu. Shirika la Human Rights Watch lilichapisha mwaka 2013 ripoti kuhusu ajira za watoto na madhara ya zebaki katika machimbo madogo ya Tanzania, yakiwemo ya Geita na Kahama. Ripoti hiyo ilieleza pia usumbufu wa kingono wanaofanyiwa wasichana kwenye machimbo.
- Kuhamahama. Dhahabu ikisikika mahali pengine, mzazi hufuata rashi na kumwacha mtoto kwa bibi yake, kwa jirani au peke yake.
- Umbali wa shule. Tangu mpango wa maendeleo ya elimu ya sekondari wa mwaka 2004 kata nyingi zimepata shule, lakini kata za huko ni kubwa. Wanafunzi wengine hutembea kilomita nyingi na wengine hupanga chumba karibu na shule, maarufu kama geto, bila mlezi wa karibu.
- Ndoa za utotoni. Utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya wa mwaka 2010 uliutaja Shinyanga kuwa mkoa unaoongoza: asilimia 59 ya wanawake wenye umri wa miaka 20 hadi 24 walikuwa wameolewa kabla ya kutimiza miaka 18. Mahari ya ng'ombe ni sehemu ya sababu, hasa katika miaka ya ukame.
- Misiba. Duara likiporomoka, kifusi huacha yatima ambao wiki inayofuata wanarudi darasani.
- Hofu ya ukatili dhidi ya watu wenye ualbino. Baada ya mauaji yaliyotikisa Kanda ya Ziwa kuanzia miaka ya 2000, watoto wengi wenye ualbino walihamishiwa mahali penye ulinzi, kama vile shule ya Buhangija mjini Shinyanga, mbali na familia zao.

Katika shida nyingi za aina hii, mtu wa kwanza kujua si mwalimu wala mzazi. Ni mwanafunzi anayekaa naye dawati moja, anayetembea naye njia moja au anayelala naye geto moja. Ndiye anayejua kwamba mwenzake hajala tangu jana, kwamba kuna mwendesha bodaboda anayempa lifti kila jioni, au kwamba nyumbani wageni wameshakuja kuhesabu ng'ombe. Mafunzo ya waelimisha rika yanajengwa juu ya ukweli huo: vijana watasimuliana shida zao, wawe wamefundishwa au hawajafundishwa. Mafunzo yanalenga kumwandaa yule anayesimuliwa.

Historia

Vijana kusaidiana kwa rika si jambo geni Usukumani. Kabla ya shule kuenea, vijana wa kijiji walikuwa na umoja wao chini ya kiongozi wa vijana aliyeitwa nsumba ntale (kwa wingi basumba batale), ambaye alisimamia kazi za pamoja kama kulima na kupalilia. Vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu navyo viliwakusanya vijana na kuwapa nidhamu ya kundi. Katika pwani mambo ya siri ya ukuaji yalifundishwa kwa njia tofauti: binti alikabidhiwa kwa kungwi au somo, ambaye alikuwa mtu mzima.

Elimu rika ya shuleni ilienea kutokana na UKIMWI. Wagonjwa wa kwanza nchini Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, na katika miaka ya 1990 ilionekana wazi kwamba vijana hawapati taarifa za kutosha kwa wazazi wala kwa walimu, kwa sababu pande zote mbili zilikuwa zinaona haya. Mwaka 1996 idara ya sanaa za maonyesho ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, chini ya Penina Mlama na Amandina Lihamba, ilianzisha mradi wa Tuseme. Wasichana wa sekondari walichunguza wenyewe mambo yanayowakwamisha kimasomo, wakayageuza kuwa maigizo na kuyaonyesha mbele ya walimu na wazazi. Baadaye mtindo huo ulichukuliwa na shirika la FAWE na kupelekwa nchi nyingine za Afrika. Mwaka 1999 lilianza jarida la Fema, ambalo klabu zake katika shule za sekondari ziliwapa wanafunzi mahali pa kujadili afya, mahusiano na kujitegemea.

Mema kwa Vijana

Mradi wa Mema kwa Vijana ulianza kutekelezwa mwaka 1999 katika wilaya za vijijini za mkoa wa Mwanza wa wakati huo, ikiwemo Geita. Uliendeshwa na AMREF, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) na chuo cha afya na tiba za kitropiki cha London, pamoja na serikali. Jamii 20 zilichaguliwa. 10 zilipata mradi na 10 zilitumika kwa ulinganisho. Mradi ulifika katika shule za msingi 62 na vituo vya afya 18.

Wanafunzi wa darasa la tano hadi la saba walifundishwa na walimu wao, wakisaidiwa na wanafunzi waliochaguliwa na wenzao. Wanafunzi hao waliigiza michezo mifupi ambayo ilifungua mazungumzo darasani. Nje ya shule, wahudumu wa afya walifundishwa kuwapokea vijana bila kuwakaripia, vijana walishiriki kusambaza kondomu, na kulikuwa na shughuli za kuihamasisha jamii.

Watafiti waliwafuatilia vijana zaidi ya 9,600 kwa miaka mitatu. Ujuzi na mtazamo wa vijana uliboreka, na baadhi ya tabia walizozieleza wenyewe zilibadilika. Lakini vipimo vya damu na mkojo havikuonyesha kwamba maambukizi ya VVU, magonjwa mengine ya ngono au mimba vilipungua kwa namna ya kuaminika. Uchunguzi mwingine wa mwaka 2007 na 2008, uliohusisha vijana karibu 14,000, ulikuta kwamba ujuzi bado upo baada ya miaka mingi, ilhali maambukizi ya VVU hayakutofautiana kati ya jamii zilizopata mradi na zile ambazo hazikupata.

Matokeo hayo yanatajwa mara kwa mara katika mijadala ya elimu rika. Yanaonyesha kwamba mwanafunzi anaweza kumfundisha mwenzake vizuri, na anayefundishwa akakumbuka. Ila mwanafunzi hawezi kubadili peke yake mambo yaliyo mikononi mwa watu wazima: umaskini wa nyumbani, mwanamume mwenye fedha ya machimbo, au mila inayoona ndoa ya binti kuwa jambo la wazee.

Mipango mingine ya Afrika Mashariki

Shirika la Camfed limekuwa likiwatumia wasichana waliomaliza sekondari kurudi kama wasaidizi wa kujitolea katika shule za maeneo yao. Nchini Tanzania kazi hiyo ilianza mwaka 2013, na wasichana hao hufundisha stadi za maisha kwa programu inayoitwa Dunia Yangu Bora. Nchini Kenya taasisi ya Shamiri iliwafundisha vijana waliotoka sekondari karibuni kuongoza vikundi vya wanafunzi kwa majuma manne. Utafiti wake uliochapishwa mwaka 2021, uliohusisha wanafunzi 413, ulionyesha kupungua kwa dalili za sonona na wasiwasi. Mipango yote miwili inawatumia vijana waliowazidi wanafunzi umri kidogo, ambao hawasomi tena katika shule hiyo. Wanafunzi huwaona kuwa wa rika lao, lakini hawaogopi kwamba siri itazunguka bwenini.

Uteuzi

Mara nyingi shule huteua viranja. Njia hiyo ni rahisi, lakini ina kasoro kubwa: kiranja ndiye anayeandika majina ya wachelewaji na wapiga kelele, na mwanafunzi mwenye shida ndiye mara nyingi aliye katika orodha hiyo. Njia nzuri zaidi ni kuwauliza wanafunzi wenyewe. Kila mmoja huandika kwenye karatasi, bila kutaja jina lake, wanafunzi watatu ambao angewaendea akiwa na tatizo. Majina yanayojirudia ndiyo yanayoitwa kuzungumza na mwalimu mlezi.

Mambo yanayozingatiwa ni haya:

- kila darasa liwe na angalau msichana mmoja na mvulana mmoja;
- wawepo wanaokaa bweni, wanaotoka nyumbani na wanaokaa geto, kwa kuwa shida zao hazifanani;
- wanafunzi wenye ulemavu na wenye ualbino wasiachwe nje;
- ateuliwe mwanafunzi wa kidato cha pili au cha tatu, ili awe na muda wa kufanya kazi kabla ya mtihani wa kidato cha nne;
- mwanafunzi akubali kwa hiari yake, na mzazi au mlezi aelezwe na kuridhia;
- aliye katikati ya msiba au shida nzito asipewe mzigo huo kwa wakati huo, hata kama anapendwa na wengi.

Alama za darasani si kigezo. Mwanafunzi wa wastani anayetunza neno la mwenzake anafaa kuliko wa kwanza darasani asiyeweza kunyamaza.

Mafunzo

Mafunzo ya mwanzo yanaweza kufanyika kwa siku tatu hadi tano wakati wa likizo, au kwa saa moja kila wiki katika muhula mzima. Hugusa mambo manne: kusikiliza, siri, kuelekeza na mipaka.

Kusikiliza

Kosa la kawaida la anayeanza ni kutoa ushauri kabla hajasikia. Zoezi linalotumiwa sana ni la watu watatu: mmoja anasimulia, wa pili anasikiliza, wa tatu anatazama na kuhesabu mara ngapi msikilizaji amemkatiza mwenzake. Kisha wanabadilishana nafasi. Wengi hushangaa kuona kwamba hawakuweza kukaa dakika mbili bila kusema "mimi pia" au "ungefanya hivi".

Wanafunzi hujifunza kuepuka maneno yanayofunga mazungumzo na kutumia yale yanayoyafungua. Kwa mfano:

- Badala ya "Kwa nini ulikubali lifti yake?" huulizwa "Ilianzaje?"
- Badala ya "Usilie, mwanaume halii" husemwa "Nipo, chukua muda wako."
- Badala ya "Mungu atasaidia, yataisha" husemwa "Hilo ni zito. Tangu lini unalibeba?"
- Badala ya "Nakuahidi sitamwambia mtu yeyote" husemwa maneno yaliyoelezwa katika sehemu ya siri hapa chini.

Lugha nayo ina uzito. Sekondari masomo hufundishwa kwa Kiingereza na shule nyingi huwakataza wanafunzi kuongea lugha za nyumbani. Lakini mtoto wa Kishapu au Nyang'hwale anaweza kuwa na maneno ya uchungu wake kwa Kisukuma tu. Mwelimisha rika huruhusiwa kumsikiliza mwenzake kwa lugha aliyoichagua msimuliaji, na shule inapaswa kuliweka wazi jambo hilo ili asiadhibiwe.

Mahali pa kuzungumzia huchaguliwa kwa uangalifu: panapoonekana lakini pasiposikika, kama chini ya mti ulio pembeni ya uwanja. Chumba kilichofungwa huzua maneno na kinaweza kuwa hatari, hasa kati ya msichana na mvulana.

Siri na mipaka yake

Hii ndiyo sehemu ngumu kuliko zote. Bila siri hakuna mwanafunzi atakayesema. Kwa siri isiyo na mipaka, mtoto anaweza kuangamia huku rafiki yake akijua. Kwa hiyo mwelimisha rika hufundishwa kutaja mipaka mwanzoni mwa mazungumzo, kabla mwenzake hajasema lolote. Maneno yanaweza kuwa haya: "Utakayoniambia hayatatoka kwangu kwenda kwa wanafunzi. Ila kuna mambo matatu siwezi kuyabeba peke yangu: ukiwa unataka kujidhuru, mtu akiwa anakuumiza, au mtoto mwingine akiwa hatarini. Hapo tutakwenda pamoja kwa mwalimu."

Neno "pamoja" lina maana kubwa. Mwanafunzi aliyeaminiwa akienda kimyakimya kwa mwalimu, mwenzake huona amesalitiwa na habari hiyo husambaa shuleni kote. Kwa hiyo kwanza humwambia kwamba jambo hili limevuka mpaka, humpa nafasi ya kuchagua mwalimu anayemtaka, kisha humsindikiza. Akikataa kabisa na hatari ni ya kweli, mwelimisha rika hutoa taarifa siku hiyohiyo na kumweleza mwenzake kwamba amefanya hivyo.

Hali ya VVU ya mwanafunzi ni siri yake. Mwelimisha rika anayejua kwamba mwenzake anatumia dawa anaweza kumkumbusha na kumsindikiza kliniki, lakini hamtaji kwa mtu mwingine bila ruhusa yake.

Kuelekeza

Shirika la Afya Duniani na washirika wake walitoa mwaka 2011 mwongozo wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia kwa watu wasio wataalamu. Hatua zake ni tatu: angalia, sikiliza, unganisha. Hatua ya tatu ndiyo inayosahaulika. Ili iwezekane, wakati wa mafunzo wanafunzi na mwalimu huchora ramani ya msaada ya eneo lao, yenye majina na mahali halisi:

- mwalimu wa ushauri na unasihi, na mwalimu mwingine wa jinsia tofauti;
- mhudumu wa zahanati au kituo cha afya aliyekubali kuwapokea vijana;
- afisa ustawi wa jamii wa halmashauri na afisa maendeleo ya jamii wa kata;
- dawati la jinsia na watoto katika kituo cha polisi cha karibu;
- namba 116 ya huduma ya simu kwa mtoto, inayopigwa bila malipo na kuendeshwa na shirika la C-Sema.

Baadhi ya mambo yana saa zake. Aliyebakwa anatakiwa kufika kituo cha afya haraka iwezekanavyo, kwa kuwa dawa za kuzuia maambukizi ya VVU lazima zianze ndani ya saa 72. Asioge wala kufua nguo kabla ya kuonwa na mhudumu. Kila mwelimisha rika anapaswa kuyajua haya kwa kichwa.

Mambo yasiyofanywa na mwelimisha rika

Mwelimisha rika haendi machimboni kumtafuta mwenzake aliyetoroka. Hamkabili mwanamume anayetuhumiwa wala kwenda nyumbani kujadiliana na wazazi juu ya mahari. Hatoi dawa, hakopeshi fedha na haandiki maelezo ya ushahidi. Hamhoji mwenzake ili kupata ukweli wote. Akishajua kwamba kuna hatari, inatosha. Kuuliza zaidi ni kazi ya waliosomea, na maswali mengi ya mtu asiye na ujuzi humwumiza mtoto mara ya pili.

Mipaka hiyo inamlinda yeye mwenyewe. Katika machimbo kuna watu wenye fedha na wenye hasira. Mtoto wa miaka 16 asiwekwe kati yao na mtoto mwingine.

Malezi ya waelimisha rika

Mafunzo bila malezi hufifia ndani ya muhula mmoja. Mwalimu mlezi hukutana na waelimisha rika wote angalau kila baada ya wiki mbili. Wanasimulia aina ya shida walizokutana nazo bila kutaja majina, wanakumbushana mipaka, na mwalimu anatazama nani amechoka. Dalili za uchovu ni kukosa usingizi, kushuka kimasomo, kukwepa wenzake au kuota aliyosimuliwa. Aliyefikia hapo hupumzishwa bila aibu.

Kumbukumbu huandikwa kwa idadi tu: wangapi walisikilizwa, wangapi walielekezwa, wangapi walifika kweli. Daftari lenye majina likipotea huleta madhara kuliko faida.

Nafasi ya mwalimu mlezi ina ugumu wake. Kanuni za mwaka 2002 zinaruhusu adhabu ya viboko visivyozidi vinne, itolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyeidhinishwa naye. Mwanafunzi aliyechapwa asubuhi na mwalimu fulani hawezi kumfungulia moyo mchana. Kwa sababu hiyo inashauriwa mwalimu mlezi asiwe na jukumu la nidhamu. Aidha apunguziwe vipindi, kwani katika shule yenye walimu wachache unasihi ndio unaoachwa kwanza.

Sheria na miongozo

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka kila mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa kuzipeleka kwa serikali ya mtaa ya eneo hilo. Hivyo mwalimu aliyeletewa habari na mwelimisha rika hana hiari ya kuimaliza "kifamilia". Marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016 yaliweka adhabu ya kifungo cha miaka 30 kwa anayempa mimba mwanafunzi, na kupiga marufuku kumwoa au kumwoza mwanafunzi.

Mwaka huohuo Mahakama Kuu, katika kesi iliyofunguliwa na Rebeca Gyumi, iliamua kwamba vifungu vya Sheria ya Ndoa ya 1971 vinavyoruhusu msichana kuolewa chini ya miaka 18 vinapingana na katiba. Mahakama ya Rufani iliunga mkono uamuzi huo mwaka 2019. Gyumi alianza harakati zake baada ya kuwaona wasichana wenzake wakiacha shule kwa sababu ya mimba na ndoa.

Mabadiliko mengine mawili yanawahusu waelimisha rika moja kwa moja. Mwaka 2019 umri wa kupima VVU bila ridhaa ya mzazi ulishushwa hadi miaka 15. Mwaka 2021 waraka wa elimu uliruhusu wanafunzi walioacha shule kwa sababu mbalimbali, wakiwemo waliopata ujauzito, kurudi katika mfumo rasmi. Wanafunzi wengi hawajui haya. Msichana anayeamini kwamba mimba imemaliza masomo yake hufanya maamuzi ya hatari, na taarifa sahihi kutoka kwa mwenzake inaweza kuyabadili. Mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto (MTAKUWWA), ulioanza mwaka 2017/18, nao umehimiza kuwepo kwa madawati ya ulinzi na usalama wa mtoto shuleni.

Mafanikio na ukosoaji

Faida inayoonekana mapema ni kwa waelimisha rika wenyewe: hupata ujasiri, hujifunza kuzungumza na watu wazima na huelewa haki zao. Kwa wanafunzi wengine, faida iliyothibitika zaidi ni kuongezeka kwa ujuzi. Kwa upande wa afya ya akili, matokeo ya Kenya yanatia moyo.

Wakosoaji hutaja mambo matatu. Kwanza, miradi mingi huishi kwa fedha za wafadhili na hufa mfadhili anapoondoka. Waliofundishwa wanamaliza kidato cha nne na hakuna waliowafuata. Pili, neno "kujitolea" linaweza kuficha ukweli kwamba watoto wanafanya kazi ambayo serikali ilipaswa kuajiri watu wazima kuifanya. Tatu, msaada wa rika unaishia pale watu wazima wanapoishia. Mwanafunzi akimsindikiza mwenzake hadi kwa mwalimu, mwalimu akapeleka taarifa kwa mtendaji, na mtendaji akakaa na familia mbili kupatana idadi ya ng'ombe, basi wanafunzi wote wawili wamejifunza kwamba kusema hakuna faida. Hawatasema tena.

Kwa sababu hiyo inashauriwa shule ianze na watu wazima. Kabla ya kumfundisha mwanafunzi hata mmoja, ihakikishe kwamba mwalimu, mhudumu wa afya, mtendaji na polisi walioandikwa katika ramani ya msaada wapo, wanajulikana na wamekubali kupokea. Idadi ya waelimisha rika itategemea uwezo wa watu hao kuwahudumia wanaoletwa kwao. Shule yenye mwalimu mlezi mmoja makini na wanafunzi sita hufanya zaidi ya shule yenye wanafunzi 40 waliovishwa fulana na kuachwa.

Tazama pia

- Mkoa wa Geita
- Mkoa wa Shinyanga
- Wasukuma
- Ushauri nasaha
- Ndoa za utotoni
- Elimu nchini Tanzania